Kipimo cha Kifua

Watu wa mtaa ule walimwita Mama Vibuyu, na si kwa heshima. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa muuza vibuyu, na kwa sababu ulimi wake, walisema, ulikuwa na kelele za kibuyu kitupu. Lilipomfikia hilo la pili alijibu kwamba kibuyu kitupu angalau kina mdomo mmoja, wao wana miwili: mmoja wa mbele ya mtu na mmoja wa nyuma ya mlango. Hakuna aliyerudi kumwambia tena.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, kimebanwa kati ya mshona viatu na ukuta wa choo cha kulipia. Vibuyu vibichi alivitoboa, akaviloweka ndani ya pipa mpaka nyama yake ioze, kisha akavikwangua kwa kijiko kirefu chenye meno na kuvianika juani. Siku ya kufungua pipa mshona viatu alihamisha benchi lake bila kuambiwa. Vikishakauka alivikata: kata za kuchotea maji, vyombo vya kuwekea mbegu, vichezeo vya watoto vya kutikisa. Hakupima kwa rula. Alikigeuza kibuyu, akakigonga kwa ukucha, akaanza kukata, na mstari ukazunguka mpaka mwisho wake ukakutana na mwanzo kama kufuli la mkufu.

Mkono huo aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa fundi wa mazeze. Mzee hakupata mtoto wa kiume, na hakuwa mtu wa kukaa kungoja, basi alimfundisha aliyekuwepo.

Zeze lenyewe si kitu cha kumtisha mtu. Ni ubao mwembamba wa urefu wa mkono, uzi mmoja au nyuzi mbili zilizokazwa juu yake, vinundu vitatu upande wa mwisho pa kukandamizia vidole, na nusu ya kibuyu iliyofungwa kwa kamba upande wa nyuma, mdomo wazi. Mpigaji huuweka mdomo ule kifuani mwake, juu ya ngozi tupu. Hapo ndipo shughuli ilipo. Uzi peke yake hulia kama mbu. Kibuyu kikishikana na kifua sauti huingia humo, hujaa, hunenepa. Mpigaji akikibandua kidogo inatoka, akikirudisha inamezwa. Kwa hiyo zeze lina kuta mbili: moja ya kibuyu, ya pili ya mbavu za mtu. Ndiyo maana baba yake hakumuuzia zeze mtu aliyetuma mwenzake amchukulie.

"Lete kifua," alikuwa akisema. "Kiatu chako hakijaribiwi kwa mguu wa jirani."

Kifua kikija, mzee alimketisha mwenyewe juu ya kigoda, mgongo wima, akamwambia avute pumzi nusu na kuishika. Ukingo wa kibuyu alikuwa ameshaupaka masizi ya sufuria. Alikibandika, akakibandua, akatazama kilichobaki kwenye ngozi: hapa mstari, hapa pengo, hapa nukta. Penye alama ndipo ukingo ulipoinuka. Hapo alipachonga kwa kisu, akapapiga msasa, masizi tena, kifua tena. Alikwenda taratibu sana. Kibuyu hupunguzwa, hakiongezwi, na fundi mwenye pupa huishia kuuza kata. Duara jeusi likitimia kifuani pasipo pengo, zeze lilikuwa limempata mwenyewe, na halikulia vile kwa mtu mwingine yeyote.

Ndivyo Mama Vibuyu alivyopata mume. Alikuwa kijana mbeba mizigo katika ghala la saruji, mwenye kifua kipana kama mlango wa ghala lenyewe, na kwa sababu hiyo wenzake walimwita Kifua tu. Siku aliyokuja kupimwa, binti wa fundi ndiye aliyeshika sufuria ya masizi. Kazi iliwachukua mchana kutwa, maana kila kibuyu kilipomgusa alicheka, na kila alipocheka kipimo kiliharibika. Mwishowe duara likatimia, zuri, limetulia kama mwezi mpevu. Msichana akainuka na kitambaa chenye maji.

Baba yake hakuinua hata macho kutoka kwenye msasa. "Mpe kitambaa ajifute mwenyewe," alisema. "Mikono anayo."

Kijana alijifuta, akaacha nusu ya duara kwa makusudi, na kesho yake akarudi kuomba kitambaa.

Waliishi pamoja kwa maneno mengi na ugomvi wa kawaida. Walipata binti mmoja, akaolewa mbali, akawa mtu wa simu. Jioni Kifua akirudi kazini alioga, akaketi barazani, akafungua vifungo vya shati na kuweka zeze mahali pake. Hakuwa mpigaji wa kutafutwa na watu. Alipiga nyimbo za wabeba mizigo za kuwasema wasimamizi, na mmoja aliutunga mwenyewe kumsifu mkewe kwamba maneno yake huchemsha maji bila kuni. Mama Vibuyu alidai kuuchukia wimbo ule. Siku ambayo haukupigwa aliuliza kama uzi umekatika.

Saruji haina haraka. Humwingia mtu mfuko kwa mfuko, nayo haikurupuki. Kifua alianza na kikohozi cha asubuhi, kikawa cha asubuhi na jioni, kisha kikaacha kutazama saa. Ngazi za ghala zikamshinda. Msimamizi akampa kazi ya kufagia, yaani kulipumua vumbi lile lile akiwa ameinama, na hiyo nayo ikamshinda, akarudi nyumbani.

Daktari alikuwa mwanamke mpole. Aliibandika picha ya mapafu kwenye taa, akawaeleza taratibu. Kisha alimwomba Kifua akangoje nje, akamgeukia mkewe.

"Yamekakamaa, mama. Yaliyokakamaa hayalainiki tena. Tutampa dawa ya kupunguza kikohozi na kumsaidia apate usingizi."

Mama Vibuyu, ambaye kwa kawaida angeuliza mpaka bei ya ile taa, aliuliza jambo moja tu. "Atanenepa?"

"Hapana, mama."

Njiani Kifua alisimama kupumzika kwenye kila ukuta uliokubali kuegemewa. Kwenye mmoja akauliza, "Alikwambia nini mle ndani?"

"Kasema ule," akajibu mkewe. "Kasema una maringo na chakula."

Akala. Alikula kama mtu anayelipwa kwa kula, lakini nyama zilimwacha vile vile. Kwanza zilikwenda za mikono, kisha za mabega, halafu za kifua, na kifua kilipoondoka likabaki jina. Mbavu zikatoka nje. Katikati, pale ambapo baba mkwe alikuwa amebandika kibuyu chake, pakaingia shimo ambamo unga ungekaa.

Na zeze likawa bubu.

Jioni ya kwanza alidhani amelishika vibaya. Alilisogeza juu, akalisogeza chini, akakohoa, akajaribu tena. Kibuyu kilimgusa kwenye ubavu huu na ubavu ule, na kati yake upepo ulipita. Uzi ulilia kama mbu.

"Zeze hili limeingiwa na nini?" aliuliza.

Mama Vibuyu alikuwa anachambua mchele. Alikuwa ameona tangu sekunde ya kwanza, maana ukimfundisha mtoto kuona duara la masizi humfundishi kufumba macho. "Unyevu," alisema. "Kibuyu kimevuta unyevu."

Ilikuwa kiangazi. Vumbi lilikuwa limelala juu ya majani mpaka hujui ni ya mti gani. Kifua alilitazama vumbi, akamtazama mkewe, akarudisha zeze msumarini.

Akabadilisha uzi. Akakipaka kibuyu nta. Akalianika zeze juani, akaligeuza kama samaki, akakaa karibu nalo kufukuza kuku. Kila jioni alilijaribu, na kila jioni alipata sababu mpya: kamba imelegea, ubao umepinda, mtu kalishika wakati yeye amelala. Mwisho alianza kumshuku paka.

Mdogo wake naye alikuja na elimu yake. Huyu mtaani walimwita Kesho, kwa kuwa hakuna jambo alilowahi kulikataa na hakuna alilowahi kulitenda siku hiyo hiyo. Alikuwa muuza mayai, mtu wa moyo mwema anayechosha. Kwa jambo la kaka yake tu ndipo alipokuwa na haraka. Alikuja na mayai, na siku moja alikuja na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakivisha ukingo wa kibuyu ili kizibe mapengo.

"Jaribu sasa, kaka."

Kifua akajaribu. Zeze lililia kama chura aliyenaswa ndani ya buti. Wote watatu walicheka, Kifua akacheka mpaka akakohoa, na akakohoa mpaka wale wawili wakaacha kucheka.

Kesho aliuvua mpira na kuutia mfukoni. "Si neno. Ale mayai. Akirudi kwenye mwili wake kibuyu kitamkaa chenyewe." Alimgeukia Mama Vibuyu. "Au siyo, shemeji?"

"Wewe ndiye mwenye kuku," alisema Mama Vibuyu. "Waulize."

Yeye alijua dawa ya zeze. Aliijua tangu ile jioni ya mchele. Kibuyu kilikatwa kwa kifua ambacho hakipo; kikatwe upya kwa hiki kilichopo, kipungue mdomo, kifuate mashimo na matuta ya sasa, kitalia. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Lakini kibuyu kilichopunguzwa hakimrudii mtu aliyenenepa. Kukikata ni kusema. Mwanamke huyu, ambaye maishani mwake alikuwa amemwambia kila mtu kila kitu, kwa mumewe alishindwa kusema neno moja, na asiloweza kulisema kwa mdomo hakutaka kulisema kwa kisu.

Basi akaendelea na unyevu.

Siku moja alifunga kibanda mapema kwa sababu mshona viatu alikuwa na msiba na soko lilipoa. Alipokaribia nyumbani alilisikia zeze. Lilikuwa linalia. Si kwa uzuri wa zamani, lakini ilikuwa sauti yenye tumbo, na ulikuwa wimbo ule ule wa maji yasiyo na kuni. Mama Vibuyu alisimama uani na kikapu kichwani.  Kwa muda wa kumaliza ubeti mmoja alimwamini Kesho, na mayai, na kuku wake wote.

Akasukuma mlango.

Mumewe alikuwa ameketi sakafuni mbele ya kabati la nguo. Kibuyu alikuwa amekikandamiza kwenye mlango wa kabati, mikono yote miwili imelizunguka zeze, shavu limelala kwenye mbao, na anapiga. Alikuwa amelikumbatia kabati.

Hakushtuka. "Tazama, mama," alisema, anavuta pumzi kati ya neno na neno. "Kabati lina kifua."

"Inuka sakafuni, kuna baridi."

"Kwa hiyo si unyevu."

"Mbao hulia na chochote. Ukiweka sufuria italia."

Kifua alilitazama zeze, akalaza kiganja juu ya kibuyu kama mtu anayepima joto la mtoto. "Wewe ni mtoto wa fundi," alisema. "Nitengenezee." Hakusema atengeneze nini.

"Nitalitazama," alijibu Mama Vibuyu, akaenda jikoni kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Adhuhuri ya siku iliyofuata Kifua alimeza dawa yake, akapata usingizi. Hii ndiyo saa aliyoichagua mkewe. Kumketisha kigodani, mgongo wima, na masizi mkononi, kungekuwa kumwambia. Akilala, alidhani, atapimwa na asijue; ataamka akute zeze limepona, na kila mtu ataendelea na uongo wake kwa amani.

Alilifungua shati. Alipaka masizi kwenye ukingo, akakiweka kibuyu kifuani, akakibandua. Alama zilizobaki zilikuwa vipande vipande, kama mkufu uliokatika njiani. Alikumbuka mwezi mpevu wa siku ile. Hakuukumbuka kwa muda mrefu, maana usingizi wa dawa huisha.

Akaenda uani, akakaa chini ya kamba ya nguo, akaufungua mfuko wa vifaa vya baba yake. Alichonga, akapiga msasa, akanyata kuingia ndani, akapima, akatoka, akachonga. Unga wa kibuyu ulimkaa mapajani. Mdomo wa kibuyu ukaanza kupungua.

Kesho alimkuta hapo, na trei lake la mayai.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nakaanga maandazi."

"Hicho ni kibuyu cha kaka."

"Kumbe macho unayo."

Kesho aliliweka trei chini taratibu. "Akinenepa je?"

Kisu kiliendelea.

"Nakuuliza, shemeji. Akinenepa je? Kibuyu hakioti nyama."

"Wewe umemwona akinenepa?"

"Ameanza kula tena. Jana amemaliza yai zima."

"Yai zima alilimaliza paka. Mimi nilikuwepo."

 Kesho alikuwa na uso usiojua kuficha kitu, kila kilichomwingia kilionekana kikipita. "Unamzika mtu anapumua," alisema.

Mama Vibuyu aliinua kichwa. Jibu lake lilikuwa tayari, kali, lenye miguu ya kukimbilia. Lakini alilitazama lile trei, na mayai yaliyopangwa makubwa upande mmoja, akapunguza ukali. "Na wewe unangoja mtu mwingine, na mtu yumo mle ndani," alisema. "Unayemngoja ni yule wa zamani. Yule harudi, shemeji. Mwache huyu apige."

"Mimi siwezi kulisikia zeze hilo," akasema Kesho. Hata hivyo hakuondoka. Alikwenda barazani, akakaa kwenye benchi, akaupa mlango mgongo.

Jua lilipoanza kulala, duara lilitimia. Lilikuwa dogo, limepinda kama la mtoto anayejifunza kuandika, ila halikuwa na pengo hata moja. Mama Vibuyu alilifuta haraka kwa upindo wa kanga, akamfunga mumewe vifungo, akakifunga kibuyu kwenye ubao wake kwa kamba mpya.

Kifua alipoamka alimkuta ameketi kitandani na zeze mapajani.

"Nimelitazama," alisema.

Alimsaidia kuketi. Alimwekea mto nyuma, akamwekea na mwingine, mume akalipokea zeze. Kidole gumba kiliuzunguka ukingo mzima mara moja, polepole, mpaka kikarudi kilipoanzia. Mkono uliobeba kibuyu kile miaka yote ulijua kilivyokuwa na kilivyo.  Alifungua shati, akakiweka mahali pake, akapiga.

Mbu.

Akakisogeza. Mbu tena, na sasa mbaya kuliko wa mwanzo, maana mdomo mdogo ulikuwa unaning'inia juu ya shimo la kifua kama kikombe juu ya sahani isiyo yake.

Mama Vibuyu aliona kosa lake lote kwa mkupuo mmoja. Mtu mgonjwa akikaa, mabega huja mbele na kifua hubonyea. Akilala, mbavu hufunguka na kutandazika. Mgongo wima, pumzi nusu: jambo ambalo baba yake alimwambia kila mteja, na ambalo yeye alilisikia kabla hajajua kufunga nguo. Alikuwa amempima mtu amelala. Alimkatia zeze mtu aliyelala. Na kibuyu sasa kilikuwa kimebaki kidogo. Kisu kikirudi tena, kitakachotoka ni kata ya kuchotea chumvi.

"Umenipima nimelala," alisema Kifua.

"Nani kakwambia?"

"Masizi." Alionyesha chini ya titi la kushoto, ambapo alama nyembamba ilikuwa imebaki. "Hukufuta vizuri. Baba yako alikukataza, alisema nijifute mwenyewe."

Alitaka kucheka, akakiheshimu kifua, akatabasamu tu.  Ulimi wa Mama Vibuyu, uliochemsha maji ya mtaa mzima, ulikuwa umelala mdomoni kama kisigino.

"Nilitaka usijue," alisema mwishowe.

"Nisijue nini?"

 Kifua hakuonekana kungoja jibu. Alikuwa anautazama ukingo wa kibuyu, mahali palipochongwa panapong'aa, peupe, kama jino jipya.

"Siku hizi kukaa kwenyewe kunanichosha," alisema. "Nisaidie nilale."

Akaitoa mito, akamlaza. Kifua alilivuta zeze juu yake, akakiweka kibuyu kifuani. Safari hii hakukitafutia mahali. Kilishuka, kikakaa, kikashika kama kifuniko cha chungu chake. Akaugusa uzi.

Sauti ilijaa chumba. Haikuwa pana kama zamani. Ilikuwa sauti ya mtu anayeongea akiwa ameshikwa mkono. Lakini ilikuwa na tumbo, na iliingia na kutoka alipokibandua na kukirudisha, na kioo cha dirisha kilitetemeka kidogo kwenye pembe yake iliyolegea. Alipiga wimbo wa maji bila kuni. Hakuuimba, pumzi ya kuimba haikuwepo. Alipiga ubeti wa kwanza wote, wa pili mpaka katikati, kisha mkono ukachoka, ukashuka kando, ukatulia juu ya shuka.

Zeze halikunyamaza.

Kitu fulani kiliendelea kulia humo ndani, chini sana, mkwaruzo wa kwenda na kurudi, kama mfuko mzito unaoburutwa sakafuni, unaachwa, unaburutwa tena.

"Nini hicho?" aliuliza Kifua.

"Uzi," alisema mkewe haraka.

"Sijaushika uzi."

Alisikiliza. Kisha akafanya jambo ambalo Mama Vibuyu aliomba moyoni asilifanye: aliishika pumzi. Mkwaruzo ukakatika. Akaiachia, ukarudi. Akaishika tena, akaiachia tena, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Kibuyu kilichokatwa sawasawa hakichagui. Kilichukua cha uzi na kilichukua cha kifua, kikavitoa vyote nje kwa sauti moja.

"Kumbe ndivyo nilivyo humu ndani," alisema.

"Ndivyo."

"Bado wanapakia saruji."

Mama Vibuyu alinyoosha mkono akiondoe kibuyu. Kifua aliweka mkono wake juu ya mkono huo, mwepesi mno, ila ulitosha. "Kiache," alisema. "Nimekingoja muda mrefu."

Kutoka barazani sauti ya Kesho ikaingia, imesahau kwamba imenuna. "Kaka, nakusikia. Hiyo ya sasa hivi siijui. Ni mpya?"

Mume na mke walitazamana.

"Mwambie ni mpya," alisema Kifua kwa sauti ya chini.

"Mwambie mwenyewe."

"Pumzi iko kazini."

Mama Vibuyu aligeukia mlango. "Ni mpya, shemeji," aliita.

"Nilijua. Ina mwendo wa taratibu, lakini nzuri. Mwache aendelee. Kesho namletea mayai mengine, makubwa."

 Kifua alikuwa amefumba macho, zeze juu yake, mikono pande mbili. Mkwaruzo ulikwenda, ukarudi. Huko nje Kesho alianza kugonga mguu sakafuni kuufuata, kama alivyozoea tangu ujana wao, mguu mmoja mzito wenye ndala. Ulienda sawa kwa muda. Kisha mara moja mguu ukatangulia, ukakuta mkwaruzo haupo, ukangoja.

Mama Vibuyu, kwenye ukingo wa kitanda, akangoja nao.